Funguo za Stoo ya Masufuria

Kipimadhamana kilimsoma mshtakiwa kwa pumzi tatu tu: mapigo ya moyo, safari zake zote, ndugu zake na mali yake. Kisha sauti tulivu ya mashine hiyo ikaenea katika mahakama ya jiji jipya la Usangwe.

"Sikudhani Mwambene, wakala wa fedha. Shtaka, kutakatisha fedha. Uwezekano wa kutoroka, themanini na nane kwa mia. Hana nyumba, hana mume, hana mtoto. Dada yake yuko ng'ambo ya mpaka. Dhamana isitolewe."

Kwa lugha ya mtaani, hana mbele wala nyuma. Hakimu Atupele Kajela akachukua mhuri. Mwaka wa pili sasa alikuwa akigonga mhuri juu ya neno la mashine, na kusema kweli alishukuru, maana zamani maombi ya dhamana yalimkalisha kitini mpaka jioni.

Wino ulikuwa umekauka. Karani alipokwenda kuutafuta, Atupele akauliza, ili kuvunja ukimya tu, swali ambalo alikuwa ameliacha siku nyingi.

"Una la kusema, mama?"

Sikudhani akafungua pindo la kanga, akatoa funguo. "Ni dogo, Mheshimiwa. Jumamosi kuna arusi mtaani kwetu, na stoo ya masufuria ya mtaa naitunza mimi. Nikirudishwa mahabusu, naomba hizi zimfikie Mama Tusajigwe."

"Umeitunza tangu lini?"

"Mwaka wa kumi na tisa huu. Hata kifuniko hakijapotea."

Atupele akaigeukia mashine. "Hayo masufuria uliyahesabu?"

"Si mali yake, Mheshimiwa."

"Ndiyo maana nauliza."

Karani akarudi na wino, Atupele hakuupokea. Mwendesha mashtaka akasimama, akasema masufuria si dhamana. Hakimu akakubali kwamba si dhamana, akataka wadhamini wawili na pasi ya kusafiria, kisha akampa Sikudhani dhamana mpaka Jumatatu. Atupele alifurahi kama mtu anayekula ugali baada ya homa ndefu.

Jumatatu Sikudhani alikuwa wa kwanza kwenye benchi, na bakuli la pilau ya arusi ambalo karani alilikataa kwa uchungu. Atupele akacheka ofisini peke yake, ameridhika. Akaagiza majalada ya watu wote aliowanyima dhamana kwa neno la Kipimadhamana.

Yalikuwa thelathini na moja. La juu lilisema: hana nyumba, hana mke, hana mtoto, yuko mahabusu mwezi wa kumi na nne. Penye maelezo ya mshtakiwa palikuwa patupu, na chini yake sahihi ya Atupele.

"Huyu mleteni kesho asubuhi," akamwambia karani. "Sikumuuliza kitu."