Kitambaa Kilichogoma Kwenye Thelathini na Moja

Kila Jumanne, Mbishi alikuwa wa kwanza kufika maabara. Alifungua madirisha, akafuta meza, akavaa ovaroli ya kaka yake iliyomfika magotini. Jina hilo la utani alipewa na wanafunzi wenzake wa uhandisi, kwa kuwa hakukubali jambo mpaka alione.

Somo lenyewe lilihusu safari za joto na unyevu: jinsi joto linavyoingia kwenye kitu na jinsi maji yanavyotoka. Mbishi alilifeli mwaka uliopita. Akilifeli tena, chuo kitamfukuza. Na ripoti ya leo, iliyokuwa ya kuamua, ilitakiwa saa kumi jioni.

Yeye na mwenzake, Chapchap, walitundika kitambaa kibichi kwenye mizani ndani ya kisanduku cha kukaushia. Feni ikapuliza hewa ya nyuzi sitini. Kila dakika tano walisoma uzito wa kitambaa na namba ya kipimajoto kilichofungwa ndani yake. Juu ya namba hizo Mbishi aliandika: "Joto la kitambaa."

Uzito ulishuka vizuri. Lakini kipimajoto kilipanda hadi thelathini na moja, kikagoma. Saa nzima, thelathini na moja!

"Kimekufa hicho," alisema Chapchap. "Hewa sitini, kitambaa thelathini na moja? Hata bibi yangu atacheka. Tupike namba, dada, twende tukale."

"Namba si maharage," Mbishi alijibu.

Hata hivyo, hofu ya kufeli ilimuuma kuliko njaa. Akafuta namba tatu, akaandika thelathini na nane, arobaini na tano, hamsini na mbili. Zilipanda kama ngazi. Zilipendeza. Akazitazama, uso ukamwaka kwa aibu.

"La! Nikifeli, nifeli kwa namba za kweli."

Akachomoa kipimajoto, akakitumbukiza kwenye birika lililochemka. Kikaruka hadi karibu mia. Kumbe kizima!

"Kitambaa hakisemi uongo," alisema. "Mwongo ni mimi. Tunaanza upya."

"Anza wewe. Tumbo langu halijui ubishi," Chapchap akasema, akatoka.

Mbishi alilowesha kitambaa tena, akasimama peke yake, akiandika kila dakika tano. Miguu ilimuuma, hakukaa. Saa nane na nusu, kitambaa kilipokaribia kukauka, kipimajoto kikaamka: thelathini na nne, arobaini na moja, hamsini na tano!

Alipiga kelele hadi mwalimu wao akaingia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nani kakutekenya?"

"Joto liliingia muda wote, mwalimu! Maji yalilitumia kugeuka mvuke. Yalipokwisha, ndipo kitambaa kikapata moto."

Mwalimu akasoma ukurasa mzima, kisha akagusa maneno ya juu, "Joto la kitambaa." "Rekebisha hapa. Kipimajoto hupima jotoridi, yaani kitu kina moto kiasi gani; joto lenyewe ni nishati inayoingia. Mtaani vyote tunaviita joto, ndiyo maana tunadhani joto likiingia, lazima namba ipande."

Mbishi akarekebisha, akamaliza ripoti, akaikabidhi saa kumi kasorobo. Mwalimu akaisoma palepale, akaitia sahihi.

"Umefaulu."

Chapchap alikuwa amerudi, amesimama mlangoni, macho chini.

"Wewe kesho utaleta kitambaa chako, upime mwenyewe," mwalimu alimwambia. Kisha akawatazama wote wawili. "Wanangu, namba inayokushangaza imekuja kukufundisha. Ukiifuta, umemfukuza mwalimu kabla hajafungua kinywa."