Shangazi Hapingwi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Losaline alikaa na mama yake, Ane, mbele ya gogo refu wakiponda magome ya mti kwa nyundo za mbao. Gome hupondwa mpaka liwe pana na jembamba, kisha huunganishwa na jingine, na jingine, mpaka ipatikane ngatu, ile nguo kubwa ya magome ambayo bila hiyo hakuna harusi wala msiba unaokamilika katika visiwa vya Tonga. Losaline aliupenda mlio wa nyundo tangu utotoni. Siku hizi ulimchosha, kwa sababu ngatu iliyokuwa ikipondwa ilikuwa ya safari yake, na yeye hakuwa ameiomba.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alikuwa amepata nafasi katika shule ya bweni huko Auckland, Nyuzilandi. Habari ilipofika, baba yake, Sosaia, alitokwa na machozi kanisani mbele ya watu. Tangu hapo kijiji kizima kilijua anachohitaji Losaline. Aliyekuwa hajaulizwa ni Losaline mwenyewe.

Aliyejua kuliko wote alikuwa Shangazi Kalolaine. Kwa Watonga, dada wa baba ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya watoto wa kaka yake, na akisema, imekwisha. Sosaia alikuwa mtu wa mabega mapana, tena mhubiri mwenye sauti nzito, lakini akimwona dada yake anakuja alivaa shati upesi na kuinamisha kichwa. Shangazi hakuwa mtu mbaya. Alimpenda Losaline kama aliyemzaa. Tatizo ni kwamba upendo wake ulikuwa na mdomo, masikio haukuwa nayo.

"Utafika huko kama mtoto mwenye kwao," alisema siku moja akipima ngatu kwa mikono. "Hii ya mwalimu mkuu, hii ya matroni, na mikeka ya wenzako. Asije mtu akasema tumekutupa. Umefurahi?"

"Ndiyo, Shangazi."

Hakuwa amefurahi hata kidogo. Losaline alikuwa na pumu. Moshi wa tanuri la shimoni wanalopikia ukimwingia, au upepo wa baridi wa mwezi wa saba ukivuma, kifua kilimbana na pumzi ikatoka kwa mluzi. Alikuwa na kikopo chake cha dawa ya kuvuta, na nyumbani hakuwa na wasiwasi, maana mama yake alilala mkeka wa pili na aliamka hata kabla hajaitwa. Huko bwenini angeamka nani? Swali hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Lakini kila alipotaka kuuliza, mtu alimwonyesha mkeka mpya.

Jumatatu matroni wa bweni, Bi Ngaire, alipiga simu ya video ili afahamiane na mtoto. Ukoo mzima ulibanana sebuleni, Shangazi mbele kabisa, simu mkononi mwake. Bi Ngaire aliuliza kama Losaline ana shida yoyote ya kiafya.

"Huyu? Hana ugonjwa hata wa kuazima," Shangazi akajibu.

Losaline akamtazama baba yake. Baba yake akatazama miguu yake. Mama akawa anaokota uchafu usioonekana kwenye mkeka.

"Ningependa kumsikia Losaline mwenyewe," alisema Bi Ngaire.

"Losaline anakushukuru sana," Shangazi akasema.

Bi Ngaire akaeleza kwa upole kwamba hapokei mtoto asiyemfahamu, na kwamba mtoto asiyeweza kujisemea nyumbani kwao atapata taabu zaidi ugenini. Angepiga tena Ijumaa. Kama hatamsikia Losaline siku hiyo pia, ataishauri shule nafasi yake isubiri mwaka mwingine.

Simu ilipokatika, watu walitazamana. Shangazi ndiye aliyeigundua sababu, na wote wakaitikia kwa vichwa: matroni amekasirika kwa kuwa bado hajapewa heshima yake. Basi ngatu yake iongezwe upana. Losaline alitamani kupiga ukelele. Badala yake alichukua nyundo, akaponda magome kwa nguvu mpaka moja likatoboka, na mama yake hakumgombeza.

Ngatu ilipoongezwa upana, begi likagoma kufungwa. Jumatano Losaline alirudi kutoka shuleni akakuta masweta yake yamerundikwa juu ya kiti, na juu ya masweta, maboksi ya dawa yake ya pumu.

"Mama, mbona dawa zangu ziko nje?"

Ane hakuinua uso. "Wifi amesema matroni akiziona atajua unaumwa, akurudishe. Sweta utanunuliwa huko huko."

"Na pumzi nitanunuliwa huko?"

Ane aliuma midomo, machozi yakamlengalenga. Losaline akaona hakuna faida ya kugombana naye. Akatoka kumtafuta baba yake, akamkuta shambani anachimba majimbi.

"Baba, mwambie Shangazi. Sikutaka ngatu, nataka dawa zangu."

"Yule ni dada yangu, Losaline. Mdomo wa kumpinga nitautoa wapi?"

"Kwa hiyo nikafe huko kwa heshima?"

Maneno yalimtoka kabla hajayapima. Hakuwahi kumjibu baba yake hivyo, akangoja kukemewa. Lakini Sosaia aliegemea jembe na kumtazama mwanawe kwa muda mrefu, kama anayemwona akikua palepale. Aliona aibu. Miezi yote hiyo alikuwa akijisifia safari ya mtoto, na hakuwahi kumuuliza anaogopa nini.

"Mimi siwezi kumpinga," alisema mwishowe. "Ila kumwendea na kumwomba hakukatazwi. Twende wote. Mimi nitabeba majimbi, wewe beba maneno."

Walimkuta Shangazi barazani. Sosaia aliweka kikapu cha majimbi mbele yake, akakaa chini kimya. Losaline naye akakaa mkekani, miguu ameikunja upande kama inavyopasa. Hasira iliyokuwa imemjaa njiani ikageuka hofu tupu.

"Shangazi, uliniuliza kama nimefurahi, nikasema ndiyo. Nilikudanganya. Ninaumwa pumu, na ninaogopa kwenda bila dawa. Ngatu hii ni nzuri, lakini nikibanwa na kifua haitaniamshia mtu."

Uso wa Shangazi ulikunjamana. "Nani kakutuma uje kunisema mbele ya baba yako?"

"Sikutumwa. Baba amebeba majimbi tu."

"Wakijua u mgonjwa watakukataa. Mimi nakufunika, wewe unajifunua. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, hukuambiwa hilo?"

Baba yake alijisogeza hadi bega lake likagusana na la mtoto, na hapo akabaki. Shangazi aliwatazama wote wawili. Kisha akasema waende, ana kazi zake.

Njia nzima Losaline alilia kwa uchungu. Amesema kweli, na kweli yenyewe haijamsaidia kitu. Baba yake alimshika mkono mpaka nyumbani.

Ijumaa ukoo ulikusanyika tena. Shangazi aliingia wa mwisho, akaichukua simu kama kawaida yake, akasimama katikati ya sebule. Halafu akaiweka mikononi mwa Losaline.

"Leo atasema huyu peke yake," alitangaza. "Mwingine akifungua mdomo atatoka nje. Nikiufungua mimi, nitoeni mimi. Nimesema."

Hakuna aliyebisha. Shangazi hapingwi.

Bi Ngaire alipotokea kwenye kioo, sauti ya Losaline ilikuwa ndogo mwanzoni. Alieleza kwamba ana pumu, kwamba baridi na moshi humsumbua, na kwamba dawa anaijua kuitumia. Akaongeza kuwa hajawahi kulala mbali na mama yake. Shangazi alikuwa ameubana mdomo wake kwa kiganja, macho yamemtoka.

"Wenye pumu ninao humu bwenini, na muuguzi yupo," alisema Bi Ngaire. "Sikuogopa mtoto mwenye pumu, mwanangu. Niliogopa mtoto asiyesema. Una swali?"

Losaline alikuwa nalo siku nyingi. "Usiku nikibanwa na kifua, nimgongee nani mlango?"

"Mimi. Mlango wa kwanza kushoto. Na ukigonga, usiombe radhi."

Ane alijifunika uso kwa nguo, akalia bila kujificha tena.

Siku zilizobaki hazikufanana na za nyuma. Mama alimwacha Losaline ajitayarishie dawa zake mwenyewe na kujifulia, akimsahihisha pale tu alipokosea. Baba aliahidi kupiga simu kila Jumapili baada ya ibada, yeye na mama tu, bila ukoo kuzunguka simu, na kwamba atauliza kwanza amelalaje, mambo ya mitihani baadaye. Shangazi ndiye aliyelifungua begi. Aliitoa ile ngatu kubwa ya matroni, akamwekea ndogo badala yake, na juu kabisa akapanga masweta na maboksi ya dawa.

"Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nayaficha yako," alisema. "Nilidhani kumwandaa mtoto ni kumjazia begi. Mtoto anayekwenda mbali anahitaji kwanza watu wa kumsikiliza. Na wewe, ndiyo ya uongo si heshima. Ukiwa huko, hujaelewa, sema hujaelewa. Unaumwa, sema unaumwa."

Akafunga zipu, nayo ikafungika bila taabu. Kisha akamtazama.

"Haya. Umefurahi?"

Safari hii Losaline alifikiri kwanza.

"Nimefurahi, Shangazi. Na bado naogopa kidogo."

"Vizuri," alisema Shangazi, akamvuta kifuani. "Sasa nimekusikia."