Walishusha Maji, Wakapakia Waini

—wakashusha maji, Mildred! Maji! Walitoa mitungi mbili za maji kwa boti ndio kreti za waini zitoshe! Watu wazima, na akili zao!

Wacha nianze vizuri kabla uchanganyikiwe. Unamjua Nzilani, yule wa duka ya waini hapa Olympic, Kibera? Na mzee Simeon wa Kawangware, mwenye plot tatu za kupangisha na duka ya vinywaji ya kona, yule mzee wa kanisa? Basi hao wawili waliagiza kontena moja pamoja. Waini ya Ureno, kwa kreti za mbao. Nusu ya kreti zilipigwa N kwa rangi nyekundu, nusu zikapigwa S. Meli kufika Red Sea, ikakuta vita. Watu wa bunduki wakaipanda, wakaivuta mpaka bandari yao, wakaikalia miezi saba. Kuiachilia, kontena ilikuwa imebaki kreti sitini. Hamsini na mbili ziko na S. N ni nane tu.

Hapo ndio maneno ilianza. Simeon akasema chenye kiko na alama yake ni chake, wenye bunduki walichagua za Nzilani, pole yake. Nzilani akasema kontena ilikuwa moja, zake ziliibiwa maana zilipangwa karibu na mlango, kwa hivyo hasara ni ya wote na kilichobaki ni cha wote. Akirudi na kreti nane, duka anafunga. Anajua. Simeon pia anajua.

Sasa meli ikakataa kushuka mpaka Mombasa. Ikamwaga mizigo kwa kabandari fulani huko kaskazini, kila mtu ajichukulie. Mtu mwingine angetuma ejenti. Lakini hawa ni watu wa kukalia mzigo. Si unaonaga lori ikitoka shamba, mwenye viazi ako juu ya viazi, mwenye vitunguu juu ya vitunguu, na mvua inanyesha? Hakuna mtu wa Kawangware anaacha mzigo wake utembee peke yake, tena na mwenzake anayegombana naye. Wakaenda wote wawili. Wakakodi boti ya Khamala, fundi wa injini wa hapa Kibera, aliyehamia Lamu kitambo.

Khamala akawaambia boti inabeba kreti hamsini na mitungi nne za maji.

"Toa zako kumi," Nzilani akasema.

"Nitoe zangu nikupe nafasi? Toa wewe zako nane. Hata hutazikumbuka."

"Basi hakuna kreti inabaki hapa."

Simeon akaangalia mitungi. "Lamu ni siku ngapi?"

"Moja na nusu," Khamala akasema. "Kama injini iko na roho safi."

"Na hii maji yote ni ya nini? Tunaenda kuoga?"

Mitungi mbili zikabaki kwa ukuta wa bandari. Hicho ndicho kitu cha pekee walikubaliana.

Injini ilikufa siku ya kwanza, saa tisa mchana. Khamala alifungua kifuniko, mvuke ikamrukia, mkono wa kulia ukachomeka mpaka kwa kiwiko. Hakupiga kelele. Alikaa chini, akaangalia ngozi ikiinuka kama maziwa kwa sufuria, akasema, "Hapa hakuna injini tena."

Simu hazikuwa na netiwaki. Nchi kavu ilikuwa mstari mwembamba upande wa magharibi, na kila wakiuangalia ulikuwa mwembamba zaidi.

"Tunaenda wapi?" Nzilani aliuliza.

"Nje. Mkondo unatutoa nje."

Asubuhi upepo uliamka. Mawimbi yaliingia kutoka upande, wakachota maji na sufuria, mmoja akichoka mwingine anashika. Kreti za S, zenye zilipangwa juu sana, ziliteleza zote pamoja na kuangukia mtungi mmoja. Mtungi ukapasuka. Mpaka upepo ushuke, maji matamu na ya chumvi yalikuwa yamechanganyika kwa miguu yao. Wakabaki na mtungi mmoja, nao haukuwa umejaa.

Wakaanza kupimiana kwa kikombe. Kimoja asubuhi, kimoja jioni.

Siku ya tatu Simeon akafungua waini. Yeye, mzee wa kanisa, mwenye huuza na haonji! Akamaliza chupa mbili chini ya jua. Akatapika, akalala, akaamka ulimi umefura na midomo imepasuka.

"Hiyo inakukausha," Khamala akamwambia. "Wacha."

"Lakini si ni maji ndani?"

"Ni maji yako inatoa."

Siku ya tano mtungi uliisha. Mkono wa Khamala ulikuwa umefura mpaka vidole havikunjiki, na homa ilikuwa imempanda. Aliuliza maji mara moja, kwa adabu, halafu hakuuliza tena. Nzilani akamfunika na kitambaa kilicholoweshwa na bahari. Halafu akageuka akaangalia vyombo vya kupikia: jiko ndogo ya makaa, sufuria kubwa, bakuli, karai. Makaa yalikuwa yameingia maji, hayawezi kushika.

"Naweza kutoa maji kwa hii bahari," akasema.

"Kwa maombi?" Simeon akauliza.

"Kwa kuni."

Alivunja kreti yake ya kwanza na kisigino. Chupa akazipanga kwa gunia. Sufuria akaiweka kwa jiko, maji ya bahari ndani, bakuli katikati likikaa juu ya chupa mbili zilizolazwa. Juu akafunika na karai lenye maji baridi, pembeni akaziba na matambara ya mafuta ya injini, hakukuwa na zingine. Sufuria ikachemka. Alikuwa anabadilisha maji ya karai kila yakianza kuwa moto. Alipofunua, bakuli lilikuwa na maji vikombe viwili.

Khamala alikunywa kwanza. Simeon akapewa, akaonja kama mtu anaogopa sumu. Ilikuwa na ladha ya matambara na moshi. Ilikuwa maji.

"Hii kazi ulijulia wapi?" akauliza.

"Kwa mamangu. Alikuwa anapika chang'aa, pombe ya mvuke kama hii."

"Uuui! Wapi?"

"Kwa plot yako."

Simeon alishusha kikombe.

"Nyumba ya mwisho, karibu na choo," Nzilani akasema, anaendelea kuvunja mbao. "Ulimwaga pipa yetu mara mbili. Ya tatu ukang'oa mlango wa nyumba. Ndio tukahamia Gatwekera, huko Kibera."

Boti ilizunguka polepole. Mzee akauliza, "Ile pipa ya bluu?"

"Ya bluu."

Nzilani akatia mbao ingine kwa jiko.

Kreti nane za N zilifika siku ya sita, saa sita mchana. Zikaisha. Nzilani hakuomba. Alikaa na magoti yamekunjwa, mikono imejaa vijiti vya mbao, akaangalia zile hamsini na mbili. Simeon alikuwa amezikalia. Mzee alijua kwa nini anazikalia: ile S nyekundu ndio ushahidi wake wote. Chupa ni chupa. Zikitoka kwa kreti, hakuna wakili wa Nairobi anaweza kuonyesha ya nani ni gani.

"Meli itapita," Simeon akasema.

"Inaweza."

"Leo jioni, au kesho."

"Inaweza."

Jioni haikupita. Asubuhi ya siku ya saba Khamala alianza kuongea Kiluhya na mtu hayuko. Alikuwa ameacha kutoa jasho. Nzilani akamfinya ngozi ya mkono mzima, ikabaki imesimama vile ameifinya.

"Huyu hafiki kesho," akasema. Hakupaza sauti. Alikuwa anasema tu vile iko.

Simeon akashuka kwa kreti akitambaa. Akachagua moja, akaigonga kwa ukingo wa boti mara nne mpaka ubao wenye S ukatoka.

"Chukua. Hii imekauka poa."

Nzilani hakuushika mara moja. "Ukichoma hizi, ukifika nyumbani utaonyesha nini?"

"Nikifika," Simeon akasema. "Kwanza nifike."

Kutoka hapo yeye ndiye alivunja, Nzilani akapika. Walifanya kazi, mmoja kwa mbao, mmoja kwa karai. Waliosha mkono wa Khamala na maji yaliyochemshwa, usaha ukatoka, homa ikashuka nusu. Siku ya nane akauliza nani ameharibu matambara yake ya kazi.

Siku ya tisa walisikia harufu ya mbuzi.

Simeon alifikiri kichwa kimeharibika, anaota machinjio ya Dagoretti. Lakini wote watatu walikuwa wanasikia. Ilikuwa meli ya kubeba mifugo, inarudi kusini tupu, na aliyekuwa zamu juu alikuwa ameona moshi wao. Kreti zilikuwa zimebaki tatu. Nzilani akazitupa zote kwa moto wakati mmoja, S na kila kitu, ndio moshi uende juu zaidi, na Simeon ndiye alikuwa anapuliza.

Wakapandishwa kwa kamba. Chupa zikapandishwa kwa magunia, bila jina.

Sasa sikia. Jana lori imefika Kawangware, kwa plot ya Simeon. Mzee amekonda, suruali imefungwa na kamba. Nzilani ako kando. Khamala ako na bandeji mpaka bega. Waruguru, bintiye Simeon, amengoja kwa geti na wakili amevaa tai, karatasi ziko tayari. Akafungua gunia la kwanza. La pili. La tatu.

"Baba, zetu ni gani? Alama ziko wapi?"

"Tulizinywa," Simeon akasema.

"Mlikunywa waini?"

"Alama. Gawa katikati. Kwanza mtolee Khamala yake, halafu gawa katikati."

Wakili akafunga faili. Waruguru akatoa viatu, akavishika mkononi, akaanza kumgombeza. Venye alimjibu babake, Mildred, hiyo nitakuambia kesho nikitoka class, juu nimepita hapo saa hii na bado hajamaliza kuongea.