Upanga wa Corinne

Rafiki yangu Roland, wa hapa Dayton, alinunua bodi mbili za umeme za kutoa sauti, na vitaa, atengeneze panga mbili za mwanga, za kuchezea kama zile za filamu za anga, acheze na mkewe, Corinne. Corinne akafariki kabla hazijaisha. Roland akamalizia wake tu, akazima taa ya gereji aujaribu, kama tufanyavyo sote tunaotengeneza panga hizi.

Akaupunga, ukavuma. Akaupunga tena, haukugusa kitu, lakini ukalia kile kishindo cha panga kugongana.

"Bodi ya bei chee hiyo, kaka," nikamwambia aliponisimulia. "Inajiliza tu."

"Nami nilidhani hivyo," akasema, akikoroga kahawa iliyokwisha kupoa. "Nikawasha taa. Wa Corinne ulikuwa mezani, hauna waya wala betri. Gereji imeganda kwa baridi, lakini mpini wake wa chuma ulikuwa na joto la kiganja."