Mikono Iliyokaza Mkanda

Enyi mliokusanyika, wakubwa kwa heshima zenu na wadogo kwa usikivu wenu, nawasalimu kabla sijafungua kinywa kwa jambo zito. Mwenye kicheko na acheke sasa.

Palikuwa na mpanda farasi na mdogo wake, mtunza farasi, ambaye kwa utani wake watu walimwita Kicheko. Jioni moja, jua likielekea kuzama, mkubwa alitumwa ampeleke farasi kwa fundi wa kwato. Kicheko ndiye aliyetandika. Farasi naye ana hila zake: akifungwa mkanda wa tandiko hujaza tumbo pumzi, akitembea hatua chache huitoa, na mkanda hulegea. Ndiyo maana hukazwa mara mbili. Kicheko alizoea kusema kwamba huyu hujaza tumbo kama mgeni wa harusi, kisha kukaza tena.

Jioni ile alikuwa akipiga soga na wenzake.

Alikaza mara moja.

Kwenye kona ya kwanza tandiko likapinduka. Mkubwa akaangukia mgongo, juu ya ukingo wa saruji. Daktari alisema pingili mbili za uti wa mgongo zimevunjika. Akamfunga mkanda mpana wa ngozi kiunoni, akamlaza chali, na juu ya kutembea tena hakuahidi neno.

Kila magharibi Kicheko alikuja akasimama mlangoni mwa chumba. Kila magharibi kaka yake, asiyeweza hata kugeukia ukutani, alijifunika shuka usoni. Siku ya tisa mdogo akanong'ona.

"Kaka, mgongo ungekuwa kitu cha kuvua, ningekuvulia wangu."

Jibu likatoka chini ya shuka.

"Basi vua."

Hatua zikaondoka, polepole...

Kesho yake, magharibi, mlango haukulia. Ila harufu iliingia: ngozi ya tandiko, jasho la farasi, nyasi kavu. Mikono ikaupapasa mkanda wa kiunoni. Ilikuwa ya baridi. Ikakaza. Ikangoja, kama inayohesabu pumzi...

Ikakaza tena.

Mgonjwa alijua ni nani. Kiburi kikamziba mdomo. Akabaki chini ya shuka, akihudumiwa kama mfalme aliyenuna. Jioni baada ya jioni mikono ilikuja. Vidole vya miguu vikapata hisia. Magoti yakakunjika. Mwezi wa tatu, alasiri, akasimama. Mama yake alimshika kwapani huku akilia, naye akadhani ni furaha. Akasema Kicheko aitwe. Amemsamehe, aingie kwa mlango wa mbele kama mwenye nyumba.

Mama akakaa chini.

Alieleza kwa maneno ya kukatika kwamba Kicheko alikutwa bandani, amelala kwenye nyasi, bila jeraha. Waliomwinua walisema alijikunja mikononi mwao kama nguo iliyoloa. Daktari alikataza mgonjwa asiambiwe, mshtuko usije ukamrudisha nyuma.

"Tulimzika siku ya kumi tangu uanguke, mwanangu. Kabla jua halijazama."

Siku ya kumi.

Jioni ileile mikono ilipoanza kuja.

Akarudi kitandani, akalala, safari hii uso wazi. Harufu ikaingia. Hakuona mtu. Aliona ngozi ya mkanda ikijivuta yenyewe...

"Nimekusamehe, mdogo wangu," akanong'ona. "Na wewe je?"

Mikono ikaachia. Harufu ikatoka taratibu, kama mtu anayeondoka bila kugeuka. Jibu hakupata, wala mikono haikurudi tena.

Leo anatembea wima. Lakini mvua ikikaribia mgongo humuuma, na si pale ulipovunjika. Humuuma mahali ambapo yeye hakuumia kamwe. Amepigwa picha hospitalini mara tatu, halikuonekana lolote. Nani alilisikia neno lile la magharibi, lile la "vua", na nani alilitimiza, sijui, wala sina ujasiri wa kuuliza. Alipokwisha kunisimulia aligeuka, akainua shati, akaniomba nitazame vizuri nimwambie ni mgongo wa nani. Nilisimama nyuma yake, nikalishusha shati taratibu.

Aliyenisimulia ni mpanda farasi mwenyewe: baba yangu mzazi.