Gari la Kubeba Pikipiki

Kila siku akitoka shuleni, Plamedie alibadilisha nguo, akala bukari na sombe, akaosha sahani, kisha akakimbia kwa rafiki yake Jemima kuruka kamba. Ratiba hiyo hakupenda mtu aiguse.

Ijumaa moja mama yake aliigusa. Mama Kahambu, mfanyabiashara aliyetoka Butembo na kuhamia Kampemba, alinunua maharagwe vijijini, upande wa Sakania. Barabara kuu ilihitaji gari, lakini njia za vijijini zilipitika kwa pikipiki tu. Kwa hiyo alitaka gari dogo litakalobeba pikipiki siku za kazi, na Jumapili liwapeleke wote kanisani.

"Chukua hii futi, upime pikipiki ya mjomba wako, tonton Chadrack," alimwambia Plamedie. "Urefu, upana na kimo. Kesho tunaenda kuchagua gari."

Plamedie alipima urefu, akapima upana. Alipotaka kupima kimo, sauti ya Jemima ikaita kutoka nje: "Plamedie! Tunakungoja!" Aliitazama pikipiki haraka. "Inanifika tumboni hivi," aliwaza, akaandika: kimo, sentimita themanini. Kisha akatoka mbio.

Jioni mama yake alisoma karatasi. "Umepima vizuri?"

"Ndiyo, mama. Nimepima mara mbili," alijibu Plamedie bila kupepesa macho.

Kesho yake walikwenda kwa Papa Symphorien, muuzaji wa magari. Alikuwa na magari mawili madogo. Moja lilikuwa jekundu, la kung'aa, lenye paa la chini. La pili lilikuwa jeupe, limesimama wima kama kabati la nguo. Mama Kahambu alilipenda lile jekundu papo hapo.

Papa Symphorien akapima mlango wa nyuma. "Kimo ni themanini na tano. Pikipiki yako iko themanini. Inaingia muzuri kabisa, mama!"

Mama Kahambu akaanza kutafuta kalamu ya kutia sahihi. Plamedie akamvuta mkono.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "si tuiingize kwanza?"

Tonton Chadrack, mdogo wake mama, alikuwa amekuja na pikipiki yenyewe. Alilaza viti vya nyuma, akaweka ubao, akatambaa ndani ya gari ili avute. Mama Kahambu na Papa Symphorien wakabaki nje kusukuma.

"Vuta!"

"Sukumeni!"

Gurudumu la mbele likaingia. Kisha usukani ukagonga paa: ngo! Wakasukuma tena kwa nguvu, usukani ukakwama, na honi nayo ikabanwa. Piiiiii! Pikipiki haikwenda mbele wala haikurudi nyuma. Chadrack, mtu mrefu kuliko mlango wa nyumba yao, alikunjamana ndani, goti moja likimgusa sikio.

Mwanamke aliyepita na beseni la maandazi alilitua chini ili acheke vizuri. "Ee, bantu, mukuje! Motoka iko inazaa pikipiki!"

Mama Kahambu hakucheka. "Chadrack! Umebadilisha usukani bila kuniambia!"

"Hapana, yaya, dada yangu. Sijagusa kitu," alilia Chadrack kutoka ndani.

"Karatasi inasema themanini! Kila wiki unaongeza mapambo!"

"Labda ni... labda ni magurudumu mapya yameiinua," alisema Chadrack, ambaye sasa alianza kujishuku mwenyewe. "Unisamehe, yaya."

Plamedie aliposikia tonton akiomba msamaha kwa kosa lisilo lake, alishindwa kuvumilia.

"Mama, ni mimi!" alipaza sauti kuishinda honi. "Kimo sikupima. Nilikisia tu, halafu nikakudanganya."

Mama Kahambu akaligeukia gari. "Tumtoe kwanza huyu mtu," alisema.

Pikipiki ilipochomolewa na Chadrack akanyooshwa, mama alimpa Plamedie futi mbele ya watu wote. Plamedie akapima polepole, kutoka chini hadi juu ya usukani: sentimita mia moja na sita. Mlango wa lile gari jeupe ulikuwa mia moja na kumi na mbili. Walitoa vioo vya pikipiki, wakaisukuma, nayo ikapanda bila kelele. Chadrack akaifunga kwa mikanda, na Mama Kahambu akatia sahihi.

Walipofika nyumbani, mama alimkalisha.

"Ungeniambia jana kwamba hujapima, ningekugombeza kidogo, yakaisha. Lakini ulisema uongo, na leo nimemgombeza mtu asiye na kosa mbele ya watu. Kazi ambayo hujaimaliza, sema hujaimaliza. Hapo tutakusaidia. Ukikisia na kuficha, mwingine ndiye anayeumia."

"Nimeelewa, mama. Tonton, unisamehe."

"Nimekusamehe," alisema Chadrack akisugua goti. "Lakini kesho, kabla ya kanisa, utaosha hii motoka. Mpaka juu ya paa."

Plamedie alilitazama lile gari kutoka chini hadi juu, akaenda kutafuta kiti cha kupandia.