Alimkimbia Nani Matema?

Siku ya soko pale Kyela mjini hupiti bila kukanyagwa, na Davidi alipenda hivyo hivyo. Mwaka ule wa 1993 mitumba ilikuwa ruksa, kila mtu alitaka suruali ya Ulaya, naye alisimama juu ya meza yake akinadi mpaka sauti ikakauka. Ndipo mkono mwembamba ukashika sketi aliyokuwa akiipunga hewani, ukaivuta.

"Hii sketi ni ya mtu mmoja au ya ukoo mzima?"

Davidi akatazama chini. Alimwona msichana wa blauzi ya njano, kitenge cha bluu kiunoni, nywele za mistari iliyonyooka, na viatu visivyo na vumbi, jambo ambalo Kyela si la kawaida.

"Wewe ukiivaa," alisema, "watu watauliza umeinunua wapi."

"Nitawaambia kwa mwongo mmoja wa sokoni."

Alikuwa Keziya wa Ipyana, karani wa kampuni mojawapo ya zile mpya zilizokuja kununua kakao. Sketi aliichukua. Siku ya tatu, simu ikalia katika duka la jumla lililopakana na meza ya Davidi, na mwenye duka akapaza sauti, "Davidi, simu yako. Mwanamke." Soko zima likageuka.

"Haloo, mwongo wangu," ilisema sauti ya Keziya. "Sketi imepasuka."

"Umeivaaje?"

"Nimecheka sana nikikukumbuka. Utanishonea?"

Tangu hapo simu ile haikupumzika. Miezi miwili baadaye Keziya akampa habari nyingine. "Septemba vijana wa kwaya tunapiga kambi Matema, siku saba. Tunahitaji mtu mwenye jenereta na spika. Unavyo?"

Davidi hakuwa na jenereta wala spika. "Ninavyo," alijibu, akaenda kuviazima.

Hivyo ndivyo mfanyabiashara mzima alivyojikuta kwenye msafara wa malori pamoja na wanakwaya mia mbili, masufuria, magunia na kuku waliofungwa miguu. Mahema ya turubai yalisimamishwa mchangani, ziwa mbele, milima ya Livingstone ubavuni. Asubuhi ilikuwa sala na mazoezi ya sauti. Mchana mpira wa wavu, kuvuta kamba, kuogelea, mashindano ya mitumbwi. Jioni maigizo, na Davidi ndiye aliyeshika spika, akijidai fundi. Spika ya kushoto ilikoroma tangu siku ya kwanza. Keziya, kiongozi wa sauti ya kwanza, hakuacha kumtania mbele za watu.

"Fundi, hiyo spika yako ina mafua?"

"Imezoea sauti mbaya. Leo imesikia nzuri, imeshtuka."

Jumatano kambi nzima ilikwenda Ikombe kwa mitumbwi kuona Wakisi wakifinyanga vyungu. Wakati wenzao wakibishana bei, Davidi alimbebea Keziya chungu kidogo mpaka ufukweni, akakishika asikiachie.

"Nikituma washenga kwenu Ipyana, watapewa viti au watafukuzwa na mbwa?"

Keziya alitazama miguu yake ndani ya maji. Utani ulimwisha ghafla. "Mbwa wetu hawana adabu," alisema taratibu. "Nipe mpaka Jumamosi, kabla kambi haijavunjwa, nitakujibu."

"Sawa, bibie. Ila chungu sikupi mpaka unijibu."

Ijumaa mchana Davidi alikuwa ziwani na rafiki yake Aliko, wakishindana kupiga makasia, gari aina ya pikapu lilipoingia kambini. Lilikuwa la Mzee Hezroni, tajiri wa mashine ya kukoboa mpunga kule Ngonga, mfadhili wa kambi, baba wa vijana watatu wenye kazi nzuri Mbeya. Jikoni Keziya alikuwa akipakua ubwabwa. Mara sinia likaanguka. Davidi, kutoka majini, alimwona Keziya akivuta kitenge, akijifunika kichwa na uso, kisha akikimbia na kuchutama nyuma ya migomba, mgongo kwa wageni. Wanawake wa jikoni wakapiga vigelegele. Mzee Hezroni alisimama kando ya gari lake, anacheka.

Mtumbwi ukajigeukia wenyewe, hakuna aliyepiga kasia.

Anayetoka mbali atauliza kuna nini hapo. Mwanamke wa Kinyakyusa hatazamani na baba wa mumewe. Akimwona huko mbele hujifunika, huacha njia, huingia hata shambani mwa watu mpaka mzee apite. Mjini wengi wamelegeza, lakini hakuna binti anayefanya hivyo kwa mzaha, kwa sababu kumkimbia mzee ni kutangaza kuwa wewe ni mke wa mwanawe.

"Aisee," Aliko alisema. "Kumbe dada yule ni mkamwana wa Hezroni."

Davidi aliliweka kasia chini. Siku saba za nini basi? Chungu cha nini? Alishuka majini na suruali yake, akatembea moja kwa moja mpaka jikoni, maji yakimchuruzika. Wageni walikwisha kuingizwa nyumbani kwa mwinjilisti kula. Keziya alikuwa ametoka migombani, kitenge kimerudi mabegani, uso unang'aa kwa haya.

"Hongera," Davidi alisema.

Keziya aliinamisha macho, anatabasamu. "Umeona?"

"Kambi nzima imeona umemkimbia mkweo."

"Na wewe umefurahi?"

"Nifurahi?" Sauti ya Davidi ilipanda mpaka wapishi wakaacha miiko. "Mwambie huyo mzee wako mimi simtambui. Na wewe sikutambui. Nimekuja hapa kupiga spika, kesho naondoka."

Akampa mgongo mbele ya watu wote.

Tabasamu la Keziya lilibaki usoni kwa muda, kana kwamba halikupata taarifa. Kisha likaondoka. Alikaa juu ya gunia la mchele. Beatrice, mkuu wa wapishi, alimshika bega na kumwita mara mbili.

Davidi alikuwa anafungua nyaya za spika kwa hasira aliposikia mtu akikohoa nyuma yake. Aligeuka, bisibisi ikamponyoka. Alikuwa Mzee Nelson, baba yake, ambaye kwa kadiri alivyojua alikuwa Karonga, ng'ambo ya mpaka, dukani kwake. Alivaa koti lake la kahawia la safari, naye alikuwa na pengo katikati ya meno ya juu, pengo lilelile alilomrithisha mwanawe.

"Baba? Shikamoo. Umefikaje?"

"Marahaba. Nimefika Kyela naambiwa mwanangu kafunga biashara kaenda kuimba. Nimeshangaa mpaka nikasahau kukaa. Hezroni akanipa lifti, nikapanda nyuma na mchele wake." Akakaa juu ya spika. "Lakini mshangao mkubwa nimeukuta hapa. Nimeshuka, nimesema tu jikoni, namtafuta mwanangu Davidi, binti mmoja kaangusha sinia, kajifunika, kakimbia. Wale mama wakanipigia vigelegele. Umeoa lini bila kunieleza?"

Davidi alielewa. Jibu la Jumamosi alikuwa amepewa Ijumaa, mbele ya watu mia mbili, kwa heshima ambayo binti huitoa mara moja tu. Naye alilitupa.

"Nimemtukana, baba."

"Nani?"

"Mkamwana wako."

Mzee Nelson alimwokotea bisibisi. "Basi inuka uende," alisema. "Unangoja nini?"

Jua lilikuwa linazama alipofika hema la wasichana. Beatrice alisimama mlangoni, mwiko mkononi kama askari wa zamu.

"Hapokei wageni."

"Dada Beatrice, nilidhani amemkimbia Mzee Hezroni. Baba yangu sikumwona. Naapa sikumwona."

Turubai likatikisika. Sauti ya Keziya ikatoka ndani, kavu. "Na hukuuliza."

"Sikuuliza. Nisamehe, mpenzi."

"Ungeuliza neno moja tu, Davidi. Unajua nilivyotetemeka? Sijawahi kumkimbia mzee wa mtu yeyote. Nimemwona ana uso wako, nikasema, haya, leo ndiyo leo. Wewe ukaniacha nimekaa kwenye gunia, watu wananitazama."

"Niambie nifanye nini."

"Hakuna cha kufanya. Kesho kufunga kambi naongoza wimbo. Nitasimama uso wazi mbele ya baba yako, nimwamkie kama mtu baki. Hapo kila mtu ataelewa kwamba sina mkwe hapa."

Davidi alisimama pale mpaka Beatrice akamwonea huruma. Maneno yale yalimkata. Akishamwamkia mzee macho kwa macho, hakuna mshenga wala ng'ombe wa mahari angeweza kulifuta jambo hilo.

Jumamosi saa nne wazazi walijaa ufukweni. Mzee Hezroni alikaa mstari wa mbele kwenye kiti cha mgeni rasmi, Mzee Nelson kando yake. Kwaya ilijipanga, sketi nyeupe na vitenge vya kijani, pengo moja likiachwa mbele kwa ajili ya kiongozi. Pazia la hema likafunguka. Keziya akatoka kichwa wazi, kitenge chake kimekunjwa mkononi, akaanza kutembea kuelekea mstari wa mbele. Jikoni mtu alisema "Mungu wangu" kwa sauti ya chini.

Davidi aliacha spika. Alipita katikati ya watu, akapiga magoti mchangani mbele ya baba yake, na maiki aliyoisahau mkononi ikatangaza kila neno mpaka ziwani.

"Baba, mkamwana wako anataka kuimba, na hawezi kukutazama. Jana nilimkosea mbele ya hawa wote. Nakuomba geuza kiti."

Watu wakapigwa na butwaa. Mgeni rasmi aliacha mdomo wazi. Wamezoea kuona mwanamke akikimbia, lakini nani amewahi kuona mzee mzima akipisha, tena kwenye sherehe? Mzee Nelson aliinuka polepole. Alivua kofia, akashika kiti kwa mikono miwili, akakigeuza mpaka mgongo ukaelekea kwaya. Akakaa, akatazama ziwa.

Keziya alikuwa amebakisha hatua tano. Alisimama. Alitazama mgongo wa lile koti la kahawia, ulionyooka, usiogeuka hata kidogo, kisha akamtazama Davidi aliyekuwa bado amepiga magoti kama mtoto aliyeadhibiwa. Akakunjua kitenge. Akajifunika kichwa, akarudi nyuma, akaingia kwenye lile pengo, akaanzisha wimbo.

Waliokuwapo wanasema hawajasikia tena sauti ile. Wimbo ulipokwisha, Mzee Nelson alizungumza bila kugeuka, akiyaambia maji.

"Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Washenga wangu watakuja Ipyana. Nasikia mbwa wenu hawana adabu, wafungieni."

Kwaya ikaangua kicheko. Davidi akamfikia Keziya pembeni ya spika, chungu cha Ikombe mikononi, na kumnyooshea.

"Chungu chako."

Keziya alikipokea. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi chini ya kitenge.

"Spika yako ya kushoto," alisema, "bado ina mafua."